Mkituandikia mvua ya mawe, tuambieni basi ukubwa wake

Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Nina ombi moja kwa gazeti lako na magazeti mengine yote ya Kiswahili, mvua ya mawe ikishuka mahali msiishie kutuandikia "mawe makubwa ya kutisha" halafu mkatuwekea picha ya mabati yaliyotoboka. Makubwa kiasi gani? Punje ya harage au ndimu? Wekeni rula pembeni ndio mpige picha, hata sarafu inatosha, maana ukubwa wa lile jiwe ndio habari yenyewe, ukiujua unapata picha lilikuwa linashuka kwa spidi gani na huko winguni upepo ulikuwa unapandisha kwa nguvu gani.

Naeleza kidogo kwa sababu hapa kijiweni kwetu Ngamiani nikisema juu ya vichwa vyetu kuna barafu muda huu huu tunaotoka jasho, watu wanacheka. Jamani joto la Tanga ni la huku chini. Ukanda wetu huu ukipanda kama kilomita 5 hivi kutoka usawa wa bahari unakutana na nyuzi sifuri, ndio maana Kilimanjaro yenye mita 5,895 ina barafu na ikweta hiyo hapo jirani. Wingu kubwa la masika linapanda mpaka kilomita 12 na kuzidi, kwa hiyo mvua nyingi ya radi inayotulowesha hapa ilianzia kwenye barafu ikayeyuka njiani.

Mimi kazi yangu ni mafriji, na kuna kitu wateja wananipigia simu kuniuliza wakidhani kuna mkono wa mtu. Unalaza chupa ya maji kwenye friza, unaitoa bado maji kabisa, unaigonga mezani kidogo tu, paap, inaganda juu mpaka chini mbele ya macho yako. Yale maji yalishashuka chini ya sifuri kitambo ila hayakupata pa kuanzia kuganda. Mawinguni ndio hivyo hivyo, vitone vidogo vinaweza kubaki maji mpaka nyuzi 38 hivi chini ya sifuri. Sasa ikitokea chembe moja ya barafu katikati yao, labda kivumbi tu kimeipa pa kuanzia, mvuke unavihama vitone unakwenda kujishika kwenye barafu, vitone vinakonda chembe inanenepa. Alfred Wegener wa Ujerumani aliligusa jambo hili 1911 (ndio yule yule wa mabara kuhama), na miaka ya 1930 Tor Bergeron wa Sweden akalieleza vizuri zaidi.

Ikishanenepa ndio mambo ya spidi yanaanza. Kipindi cha kaskazi ukikaa Raskazone ukaangalia juu unaona yale mawingu meupe membamba yamechora mikia. Ile ni barafu tupu inashuka. Chembe yenye moja ya kumi ya milimita inashuka kama sentimita 20 kwa sekunde, kilomita 5 tu zingeichukua karibu muda wa saa saba, na wala haifiki, inakaukia njiani.

Na msidhani ukubwa peke yake ndio kila kitu, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Bonge la theluji hata liwe na sentimita nzima linashuka kama mita 1 kwa sekunde au kuzidi kidogo, kwa sababu limejaa hewa ndani na limetanuka, hewa ya chini inalishikilia. Likifika pale kwenye sifuri likayeyuka, likawa tone la milimita 2, linakimbia zaidi ya mita 6 kwa sekunde, na maji ni yale yale hayakuongezeka hata chembe, umbo tu limebadilika. Rada za hali ya hewa zinaiona kabisa sehemu ile ya kuyeyukia kama mstari unaong'aa.

Jiwe la mvua ni habari nyingine kwa sababu limeshiba, vitone baridi vimeligandia mmoja baada ya mwingine. La sentimita 1 linashuka karibu mita 10 kwa sekunde. La sentimita 5 linafika mita 25 mpaka 30, yaani kama kilomita 100 kwa saa, basi la Dar likikimbia hivyo trafiki wanalisimamisha. Na ili jiwe hilo likae juu likue, upepo wa ndani ya wingu lazima upande kwa spidi inayokaribia hiyo hiyo. Gopalganj huko Bangladesh mwaka 1986 lilipimwa jiwe la kilo 1.02, hebu fikiria upepo uliolibeba!

Sisi mjini tunaliona mara chache kwa sababu mawe madogo yanakuta kilomita 5 za joto kabla ya kufika, wakati Lushoto wapo juu, njia yao ya kuyeyukia ni fupi na hewa yake ya ubaridi.

Wataalamu wenyewe bado wanahangaika na vipimo hivi. Wanaingiza ndege mawinguni ina leza ya kupiga vivuli vya chembe, kumbe chembe zilikuwa zinagonga ncha za kifaa zinapasuka vipande, kifaa kinahesabu vile vipande kama chembe ndogo halisi, ikabidi wachonge ncha upya. Na siyo mchezo wa kitaalamu tu, barafu ikishuka haraka mawingu ya juu yanakaa muda mfupi, ikichelewa yanakaa sana yakizuia joto la ardhi lisitoke, programu zote za kukisia hali ya hewa ya miaka ijayo zinahitaji namba hiyo.

Kwa hiyo rula, Mhariri. Na mwandishi wako akiweza aokote moja alitie kwenye mfuko wa plastiki haraka kwenye friza, baadaye alipasue katikati apige picha zile pete, nyeupe na za kioo zimezungukana. Akiwa huku Tanga na hana friza aje kwangu, sitamchaji.

Fundi friji,
Barabara ya Nane, Ngamiani, Tanga