Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Sauti ya Nchi Zinazoendelea katika Afya ya Dunia

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wazazi na wanachuo wenzetu, awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuwa nasi siku ya leo.

Mgeni rasmi, mwaka huu klabu yetu ilijadili swali moja lililotugawa: nchi zinazoendelea zina nguvu gani katika maamuzi ya afya ya dunia? Kwa kuhesabu kura, jibu ni jepesi, kwa kuwa katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, chombo kikuu cha maamuzi cha Shirika la Afya Duniani, unaofanyika Geneva, kila nchi ina kura moja, nazo nchi wanachama ni zaidi ya 190, nyingi zikiwa za hali kama yetu. Lakini kwa miaka mingi ada za wanachama zimekuwa chini ya robo ya bajeti ya Shirika la Afya Duniani, na sehemu kubwa ya fedha nyingine huja ikiwa imeshapangiwa kazi na mtoaji.

Mfano uliotushughulisha zaidi ni wa Indonesia, nchi iliyoumizwa sana na homa ya mafua ya ndege. Sampuli za virusi ilizokuwa ikizipeleka bure kwenye maabara za mtandao wa Shirika zilitumika kutengeneza chanjo huko Australia, chanjo ambayo Waindonesia wenyewe hawakuwa na uhakika wa kuipata. Waziri wa Afya wa wakati huo, Siti Fadilah Supari, akasitisha upelekaji wa sampuli, na mwaka 2007 suala hilo likafika Geneva. Alilaumiwa vikali, na lawama hizo zilikuwa na uzito, kwani kirusi hakisubiri mazungumzo yaishe. Wenzetu wawili wanaosomea maabara walishikilia hadi mwisho wa mjadala kwamba kuzuia sampuli ni kuchezea maisha ya watu. Hata hivyo, walio wengi katika klabu hawakuona ni kitu gani kingine kingewaketisha wakubwa mezani. Mei 2011 mazungumzo hayo yakazaa mfumo unaozitaka kampuni zinazonufaika na sampuli hizo zichangie fedha na kutenga sehemu ya chanjo au dawa zake kwa ajili ya nchi zenye uhitaji.

Mfumo huo, kwa bahati mbaya, ulihusu mafua peke yake. UVIKO-19 ulipoingia, mfumo huo haukuwa na la kusema. India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020, katika Shirika la Biashara Duniani, kwamba haki miliki za chanjo, dawa na vipimo vya ugonjwa huo zilegezwe; jibu lilipatikana Juni 2022, nalo liligusa chanjo tu. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitangaza upesi aina mpya ya kirusi, Omicron, na shukrani waliyoipata kwanza ni nchi zao kufungiwa safari za ndege.

Kwa uchungu huo, nchi za Afrika zilijadili kama kundi moja mkataba wa kukabili majanga ya magonjwa, uliopitishwa Geneva Mei 2025. Mkataba unalenga watengenezaji wa chanjo, dawa na vipimo watakaoshiriki walipatie Shirika la Afya Duniani asilimia 20 ya uzalishaji wao wakati wa janga, na isiyopungua asilimia 10 iwe bure. Kiambatisho cha namna ya kugawana sampuli za vimelea vya magonjwa na manufaa yake, ambacho ndicho kiini cha ugomvi wote tangu Indonesia, kiliachwa kiporo siku hiyo.

Mgeni rasmi, tunajivunia kwamba Watanzania wawili wamechaguliwa mfululizo kuongoza Kanda ya Afrika ya Shirika hilo, marehemu Dk. Faustine Ndugulile Agosti 2024, aliyefariki kabla ya kushika wadhifa, na Profesa Mohamed Janabi Mei 2025. Fahari hiyo haijatufikishia chuoni taarifa za yanayojadiliwa, na nyaraka hutoka kwa lugha sita ambazo Kiswahili hakimo.

Hivyo tunaomba utufikishie ombi wizarani kwamba wajumbe wanaorejea kutoka Geneva waje kuzungumza nasi walau mara moja kwa mwaka. Tunaomba pia uongozi wa chuo uingize mafunzo ya diplomasia ya afya, yaani namna nchi zinavyojadiliana kuhusu afya, kwa wanafunzi wa maabara, maana wao ndio watakaofunga sampuli kwenye makasha ya barafu na kuandika anwani ya zinakopelekwa.

Tunaomba kuwasilisha.