Barua ya wazi kwa baba mdogo, kuhusu ngitili ya babu

Shikamoo baba mdogo,

Ujumbe wako kwenye kundi la ukoo nimeusoma na kuurudia. Nimeona nikujibu kwa urefu, tena hadharani, kwa sababu familia nyingi za Usukumani zina mvutano huu huu, na mara nyingi unaamuliwa kwa simu na watu walio mbali na ardhi yenyewe. Umesema ngitili ya babu, lile eneo la malisho tunalolifunga ili majani na miti viote, ipimwe viwanja, iuzwe, kila mmoja achukue chake, maana hayo ni mambo ya wazee na dunia imeshakwenda. Nakuheshimu kama baba yangu, na ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Unaizungumzia ngitili kana kwamba imekaa vilevile tangu enzi na enzi, nasi tuliobaki huku tumekaa nayo vilevile. Haikuwa hivyo. Kila kizazi katika ukoo wetu kiliikuta ikiwa hivi, kikaiacha ikiwa vingine.

Mwanzoni ilikuwa kipande kidogo karibu na nyumba. Kilifungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi, majani ya mbugani yakishakauka, ili ndama na ng'ombe dhaifu wasife kwa njaa. Baadaye likaja plau, likaja zao la pamba, na maksai wakawa na kazi ambayo babu wa babu hakuijua. Maksai aliyekonda havuti plau kwenye udongo wa mbuga, na anayechelewa kulima mvua za kwanza huvuna shida. Ngitili ikageuka kuwa akiba ya maksai. Pamba iliyosomesha watu wa rika lako, pamba iliyoujenga ule muungano wa ushirika wa Victoria mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, ukawa mmoja wa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika, ililimwa na ng'ombe waliovushwa kiangazi kwa majani hayo.

Kizazi hichohicho, na kile kilichokitangulia, ndicho kilichofyeka miti. Najua wageni huandika kwamba Wasukuma ni waharibifu wa mazingira, na maneno hayo huniuma. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwakusanya wanaume kupitia watemi wao, yaani machifu, wafyeke mapori ili kufukuza mbung'o, na watu walikubali kwa sababu mbung'o alikuwa anaua mifugo. Walifanya lililofaa kwa tatizo lililokuwa mbele yao. Mashamba ya pamba yakamalizia yaliyobaki.

Kisha yakaja mambo mawili ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Mwaka 1963 utemi ulifutwa, na aliyekuwa akiamua migogoro ya mipaka hakuwepo tena. Miaka kumi baadaye ikaja Operesheni Vijiji. Wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia jinsi mlivyohamishwa mkiwa watoto, mkawekwa kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara, ngitili ikabaki kule nyuma bila mtu wa kuilinda. Kila mwenye ng'ombe akaingia. Nilipokuwa mdogo niliwakuta mama na shangazi wakipikia samadi na vijiti vya pamba kwa sababu kuni zilikuwa mbali mno. Watu waliuita mkoa wetu wa Shinyanga jangwa, na ukisimama kiangazi ukatazama hungekuwa na la kuwajibu.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walianza na vitalu na miche ya miti ya kigeni, na watu hawakuichangamkia. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipowauliza wenyeji wao hufanyaje, wakajibiwa: tunafunga eneo, tunaliacha, miti inachipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Mwaka ule ngitili zilizoorodheshwa mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu. Haikutimia miaka 20, ngitili zikazidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati ule, kabla Simiyu haijawa mkoa. Mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Ikweta, tuzo ya kimataifa, kule Johannesburg.

Lakini baba mdogo, mradi haukuzilinda hekta hizo. Ulinzi ulifanywa na vijana wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, na hapa naomba utulie kidogo. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Kiongozi wao wakamwita ntemi, na katibu wake wakamwita katikiro. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuishi chini ya mtemi hata siku moja wakiwa watu wazima. Walichukua cheo kilichofutwa na serikali wakakipa kazi mpya kabisa, na serikali hiyohiyo ikaja kuwatambua. Walipomaliza na wezi wakageukia wanaoingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa. Dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanakijiji, likakaa, adhabu zikapangwa, na serikali za vijiji zikageuza maamuzi hayo kuwa sheria ndogo. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko tuzo.

Na leo ngitili si ya maksai peke yake. Ina nguzo za kujengea, majani ya kuezekea, asali, dawa, kuni. Mwaka wa ukame watu hukodisha malisho kwa fedha taslimu. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 2000 ulikadiria faida ya ngitili kuwa kama dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, na ulipozidisha kwa watu wa mkoa mzima hizo hazikuwa hela za mboga. Michembe tunayokutumia kila mwaka, vile viazi vya kukaushwa, ujue, viazi vyake vililimwa na maksai waliokula humo.

Kuna jambo moja ambalo uko sahihi, na sitaki kulificha. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye aliyefaidi zaidi. Kijana asiye na mifugo huiangalia ngitili akaona ardhi ambayo angeilima. Na wanawake, waliopunguziwa mwendo wa kuni kuliko mtu yeyote, hawakuitwa kwenye vikao vilivyopanga mipaka. Ndugu zetu waliohama na ng'ombe wao kwenda bonde la Usangu kule Mbeya, wakaondolewa huko mwaka 2006 na kusukumwa kuelekea Lindi, waliondoka kwa sababu malisho hapa hayakuwatosha. Hayo yote ni kweli. Ila kuuza viwanja hakumpi kijana wa huku chochote. Atanunua mtu wa mjini, ataweka uzio, na fedha itakwisha kabla mvua hazijarudi mara mbili.

Ninachokuomba ni hiki. Njoo mwenyewe kabla ya Novemba, kabla hatujafunga. Tukae kikao cha ukoo na shangazi zetu wawemo, kwa kauli na si kwa kupika tu. Ule ukingo wa juu wenye luseni, udongo wa kichanga, hauoti majani ya maana. Tuwagawie vijana walime karanga na viazi. Sehemu ya chini ibaki imefungwa, tuiombee hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la ukoo, na majina ya shangazi yaandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hilo, na inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Atakayesema kwetu haijawahi kuwa hivyo, nitamweleza habari za plau na za sungusungu.

Ukitaka bado kuuza baada ya kikao hicho, utalisema mbele ya watu wote, nao watakujibu. Nauli tutachangiana. Ukifika, tupite kwanza kwa shangazi mkubwa, maana mpaka wa mashariki, ule unaofuata mkondo wa mto, siku hizi anaujua yeye peke yake, na anataka kumwonyesha mtu kabla miguu haijamshinda.

Mwanao wa Kishapu