Kabla ya kununua kompyuta, ulizeni spea yake iko wapi

Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, si mbali na Chuo Kikuu cha Sokoine. Nachapa, natoa nakala na kupanga tasnifu za wanafunzi, hivyo kompyuta kwangu ni kama cherehani kwa fundi nguo: ikilala, na mimi nimelala njaa. Karibu kila wiki mtu ananiuliza anunue kompyuta mpakato gani. Wengi wanaulizia jina, wembamba na rangi. Hakuna anayeulizia spea.

Mimi nami sikuuliza. Mwaka 2022 nilinunua mpya dukani kwa shilingi 1,750,000, nyembamba, inang'aa. Ilipofika mwezi wa 14, waranti ya mwaka imeshakwisha, ikaanza kuzima katikati ya kazi, mwisho ikagoma kabisa kuwaka. Fundi akaifungua, akanionyesha: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imelehemiwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, haichomoki. Kidude kidogo kama ukucha kimekufa, na dawa yake ni kubadili mazabodi nzima kwa zaidi ya laki nane. Hapo wanafunzi ndio wanakabidhi tasnifu. Wateja watatu niliwarudishia hela zao.

Desemba iliyopita binti wa kaka yangu, anayesoma Ujerumani, alikuja likizo na Framework 13, kompyuta ya kampuni ya Kimarekani iliyoanza kuuzwa mwaka 2021. Aliigeuza juu ya mkeka, akalegeza skrubu tano kwa bisibisi iliyokuja nayo, akanyanyua kibodi. Ndani, vipande vimeandikwa majina, na vina msimbo wa QR. Ukiuskani unaelekezwa namna ya kukibadilisha kipande chenyewe. Matundu ya pembeni, ya USB na ya HDMI, ni kadi nne zinazochomoka kwa mkono. Tundu likilegea unanunua kadi, mazabodi huigusi. Mwaka 2023 alitoa mwenyewe mazabodi yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya Intel akaweka yenye ya AMD. Kioo, kibodi na betri vikabaki vilevile. RAM tu ndiyo ilibidi anunue nyingine, kwa kuwa ile ya zamani ni aina ya DDR4, na haiingii kwenye nafasi ya DDR5 ya mazabodi mpya. Ile mazabodi ya zamani iko kwenye kasha dogo nyuma ya televisheni yake, inafanya kazi kama kompyuta ndogo mpaka leo.

"Shangazi, nunua hii," akaniambia. "Utakaa nayo miaka kumi."

Moyo ulitaka, nakiri. Nikamuuliza: betri ikifa mwezi wa tatu, naipata wapi? Akanyamaza. Duka lao ni la mtandaoni na linatuma mizigo nchi chache, nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ningekuwa wa kusubiri msafiri, na betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kwenye begi linaloingia chumba cha mizigo cha ndege. Kufungua skrubu tano ni rahisi, lakini nikishafungua nitaweka nini?

Januari nikapanda treni ya SGR asubuhi hadi Dar es Salaam, nikaenda Kariakoo kununua ThinkPad T480 mbili za mtumba, za kampuni ya Lenovo, zote kwa bei ya chini kuliko ile moja mpya. Ni toleo la 2018, nene, nyeusi, zimeshatumika maofisini huko Ulaya. Lakini zina nafasi mbili za RAM, na betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma, ambayo unaichomoa hata kompyuta ikiwa inawaka. Umeme ukikatika nabadilisha ya nyuma, naendelea kuchapa. Mwongozo wa ufundi wake Lenovo wameuweka mtandaoni bure. Mwezi Machi mtoto wa mteja alimwaga uji kwenye kibodi, vitufe viwili vikafa. Fundi wetu alipata kibodi nyingine kesho yake kwa shilingi 45,000.

Zina udhaifu pia. Tundu la kuchajia la USB-C limelehemiwa, kwa hiyo chaja msiivute ovyo. Na jina la ThinkPad peke yake lisiwadanganye: T490 iliyofuata mwaka 2019 ilipoteza betri ya nje, na RAM yake moja ikalehemiwa. Anayeuziwa T470, iliyotangulia T480, kwa bei ya kutupa ajue pia kwamba Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za Intel kabla ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. T480 yenye prosesa ya kizazi cha nane inakubalika.

Ombi langu ni kwa wakuu wa shule na maofisa ununuzi, kwa sababu ninyi mnanunua 30 kwa mpigo. Andikeni kwenye zabuni kwamba RAM ichomoke, betri ibadilishike, na muuzaji aonyeshe spea zilizopo nchini. Linawezekana: ThinkPad T14 ya mwaka 2024 imerudishiwa nafasi mbili za RAM, na Ufaransa tangu 2021 kompyuta mpakato huuzwa ikiwa na alama inayoonyesha inatengenezeka kwa kiasi gani.

Binti yetu amesharudi Ujerumani. Nimemwambia siku nitakapoona betri ya Framework inauzwa Kariakoo, kompyuta yangu ijayo itakuwa hiyo.

Mama wa steshenari,
Morogoro