Kompyuta ikigoma programu, msikimbilie kupiga Windows

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu, na wenye kompyuta za mtumba majumbani. Siku hizi programu ikigoma kuingia, dawa ni moja tu: mashine ipigwe Windows upya. Picha za watoto na hesabu za duka zinapotea, na programu inaendelea kugoma vilevile, maana ugonjwa haukuwa huko.

Tazameni saa kwanza. Mashine iliyokaa muda mrefu bila umeme huishiwa betri ya CMOS inayotunza saa na tarehe, ile kidonge ya volti 3 yenye maandishi CR2032 kwenye madabodi, bodi kuu ya ndani. Ikifa, kila ukiwasha tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya tovuti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli, vina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kwa mashine inayodhani iko 2009, cheti cha leo bado hakijaanza. Basi kisakinishi, yaani faili la kuingizia programu, kinachovuta mafaili yake kutoka intaneti kinakwama njiani. Zima, chomoa waya wa umeme, bana klipu utoe betri ya zamani, pachika mpya alama ya kujumlisha ikitazama juu, kisha rekebisha tarehe kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Laptop nyingi betri hiyo ina waya wake, usiivute kwa nguvu.

Pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause usome aina ya mfumo, kama ni wa biti 32 au 64. Windows ya biti 32 haipokei programu ya biti 64, ila ya 64 hupokea ya 32. Stika ya kwenye boksi isikudanganye: prosesa inaweza kuwa ya biti 64, aliyeipiga Windows akaweka ya 32.

Kwenye Windows 7 kuna ujumbe maarufu, kwamba api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll haipo. Watu hulitafuta faili hilo moja kwenye tovuti za vichochoroni na kulitupia System32, folda ya mafaili ya Windows yenyewe. Huko ni kukaribisha virusi kwa mikono miwili! Faili hilo huja na wenzake ndani ya sasisho KB2999226 la Microsoft, na sasisho lenyewe halikubali kuingia kabla ya Service Pack 1, kifurushi kikubwa cha masasisho ya Windows 7. Chrome nayo, toleo la mwisho kwa Windows 7 ni 109. Kisakinishi kipya kikikataa, mashine haina kosa.

Nafasi je? Hata ukichagua programu ikae diski D, kisakinishi kwa kawaida hufungulia mafaili yake kwenye folda ya muda, temp, iliyoko diski C. C ikijaa, kinakatikia katikati. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R kufungua Run, andika %temp%, ufute yaliyomo; yatakayokataa kufutika yaache, yanatumika.

Yote hayo yakishindikana, piga Windows. Lakini kwanza nakili folda nzima ya Users kwenye diski ya nje, na uifungue kwenye mashine nyingine uone kama picha zinafunguka.

Fundi kompyuta,
Morogoro