Lost Forest sio uwanja wa pikipiki

Mhariri,

Mi naishi Oregon huku Marekani, na kila nikisema nimeenda kuangalia miti jamaa wananicheka, eti miti si imejaa kwetu. Sawa, lakini huu msitu wa Lost Forest kule karibu na Christmas Valley ni kitu kingine jamani, unaendesha gari kwenye mchanga na vichaka vya kijivu vya sejibrashi, hamna hata mti wa kivuli, halafu ghafla hiyo misonobari ya ponderosa imesimama, mmoja huku mwingine kule, na msitu mwenzake wa karibu uko kama kilomita 60. Mvua ni kama milimita 250 tu kwa mwaka, kawaida msonobari huu haukubali maisha hayo, ila chini ya mchanga kuna tabaka gumu linazuia maji yasizame yakapotea. Niliweka pua kwenye gome lililopigwa jua, linanukia vanila kabisa!

Sasa kero yangu. Pembeni kuna vilima vya mchanga watu wanaruhusiwa kuchezea pikipiki za magurudumu manne, hapo sina neno, ila wengine wanakatisha mpaka msituni, na nimekuta mreteni mzee umekatwa matawi ya kuni. Mche unahangaika miaka mizizi ifikie unyevu, tairi linaumaliza sekunde moja. Wahusika wekeni vibao vinavyosomeka basi, nilichokiona mimi kimetobolewa risasi hadi maandishi hayaonekani.

Msomaji wenu, Portland