Vyumba vya kompyuta vifunguliwe kwa masomo ya lugha

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Ilemela, Mwanza, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakuu wa shule na wazazi wenzangu.

Mtoto wetu husoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hesabu vyote vinageuka Kiingereza siku moja. Na akitoka darasani hana wa kuongea naye. Nyumbani ni Kiswahili au Kisukuma, sokoni vivyo hivyo, na mimi nina wanafunzi 70 kwa kipindi cha dakika 40. Piga hesabu mwenyewe, kila mmoja anafungua kinywa mara ngapi kwa wiki. Ndiyo maana anaweza kukuandikia nyakati zote za vitenzi, lakini ukimuuliza jana alikula nini anatazama chini.

Shule niliyofundisha kabla ya hii ilikuwa na kompyuta 12 zilizofunikwa vitambaa. Ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja, na mlango ulifunguliwa wageni wakija. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Hapa nilipo tuna kompyuta sita tu, lakini mlango uko wazi. Mwaka jana tuliungana na darasa moja la Ujerumani, watoto wa rika moja na wetu, nao pia Kiingereza ni lugha ya kujifunza. Tulitumia Luanti, programu ya bure inayofanana na Minecraft, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa vitalu. Kila kundi lina kikaragosi chake kwenye kioo. Kinatembea, kinachimba, kinajenga kwa vitalu, na wanafunzi wanaandikiana humo humo. Intaneti ikikatika, na hukatika sana, ulimwengu ule unaendelea kwa mtandao wa ndani ya shule bila bando, mkondo A ukikutana na mkondo B.

Kundi moja lilijenga mwalo wa Kirumba, pale ziwani samaki wanaposhushwa. Binti ambaye mama yake anauza dagaa akasimamisha vichanja vya kuanikia dagaa mstari mzima. Akaja kikaragosi cha kijana wa Kijerumani, kikapanda juu ya kichanja, kikauliza kwa nini meza zenu zina matundu. Yule binti, ambaye kwangu hajawahi kunyoosha mkono, akaanza kuandika. Akafuta, akaandika tena: dagaa wakianikwa chini wanashika mchanga, juu upepo unapita na hawaozi. Alinigeukia mara moja tu, kuuliza neno la kichanja. Yule Mjerumani akauliza tena, je, mvua ikinyesha? Akajibu mistari mitatu bila kunitazama. Kitenzi kimoja alikikosea, na wala sikumkatiza.

Kulikuwa na siku nyingine kijana wetu aliwaandikia wenzake kwamba tukutane saa kumi jioni, akaitafsiri kumi kama ilivyo. Mwalimu wao akanitumia ujumbe kwa wasiwasi, akiuliza kwa nini watoto wetu wako shuleni saa nne ya usiku. Nikamwachia yule kijana aeleze mwenyewe kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Aliandika nusu ukurasa. Tangu hapo hakuna mwanafunzi wangu aliyekosea saa kwenye mtihani.

Wazazi wana haki ya kuuliza kuhusu usalama. Ulimwengu wetu unafunguliwa kwa nywila, hakuna anayetumia jina lake halisi, na mwalimu yupo chumbani muda wote.

Wenzetu wa Ulaya wana mpango wa kuunganisha madarasa, eTwinning, tangu 2005. Lakini kwa nini sisi twende mbali hivyo, Mhariri? Ng'ambo ya ziwa hili kuna Entebbe na Jinja. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wao wanazungumza Kiingereza ambacho wetu wanakitafuta, na wetu wana Kiswahili ambacho wao wanakihitaji. Nusu saa lugha moja, nusu saa nyingine, wakijenga pamoja mwalo au kivuko. Hapo mtoto wa Mwanza hataingia kama mwombaji. Nusu ya kipindi yeye ndiye mjuzi.

Darasa langu linatafuta wenza wa upande huo kwa muhula unaoanza Julai. Tumeweka Jumatano, saa nane mchana. Na kwa Kiganda saa huhesabiwa kama kwetu, kwa hiyo saa nane yao ni saa nane yetu.

Mwalimu wa Kiingereza,
Ilemela, Mwanza