Risala ya umoja wetu wa watu wa Uluguru tunaoishi Dar

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, wazee mliotoka Matombo, Kinole na Mgeta, akina mama, na nyie vijana mliozaliwa hapa hapa Kimara na Mbagala ambao mlimani mnapanda siku ya msiba tu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Tunakushukuru sana kwa kukubali kuja. Umoja wetu ni wa kusaidiana kwenye misiba, kuuguza na ada za watoto, hayo mhasibu atayasema kwenye taarifa yake, mimi wenzangu wamenituma nizungumzie maji tu.

Mheshimiwa, yale maji uliyonawa asubuhi hii yametoka kwetu. Milima ya Uluguru iko kilomita kama 200 kutoka hapa lakini mawingu yanayotoka bahari hii hii ya Hindi yanaenda kugonga pale, ndo maana upande wa mashariki, kule Matombo na Kinole, juu kabisa mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka wakati upande wa Mgeta ni pakavu kidogo. Na uzuri wake ni kwamba mlima mzima unamwaga sehemu moja, mto Ruvu wenyewe unatoka mashariki, mto Mgeta unatoka magharibi unazunguka kusini mpaka unaikuta Ruvu, Ngerengere nayo inapita Morogoro mjini inakuja kuingia huko chini, yote yanakuwa mto mmoja. Pale Mlandizi mtambo wa Ruvu Juu unachota lita milioni 196 kwa siku, mbele Bagamoyo Ruvu Chini wanachota milioni 270, kinachobaki ndo kinaenda baharini. Jumla milioni 466, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 hapa Dar. Visima vipo ndiyo, lakini sehemu kubwa ya jiji hili inaishi kwa mto mmoja.

Na tuliona wenyewe Oktoba 2022. Mvua zilichelewa, Ruvu ikashuka, uzalishaji ukaanguka mpaka kama lita milioni 300, ukaja mgao. Akina mama waliokaa hapa mbele wanakumbuka foleni za madumu saa tisa usiku, bei ya dumu inapanda kila ukienda, mwenye boza ndo amekuwa bosi wa mtaa, na mwenzetu mmoja alikuwa na mzazi wa siku tatu ndani na hana tone la kuogeshea mtoto. Siku zile ndo tulianza kulizungumza hili jambo kwenye vikao vyetu maana iliuma sana, sisi ambao nyumbani kwetu maji yanapita nyuma ya jiko!

Sasa watu wa kule wanaishije. Shamba kwa Mluguru ni la ukoo, la lukolo, na linafuata upande wa mama, watu wameongezeka, vipande vimekuwa vidogo na viko kwenye mteremko mkali. Kinole ni ndizi, mananasi, pilipili manga, mdalasini na karafuu, Mgeta ni kabichi, karoti na viazi, ndizi zetu ukienda pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, unazikuta. Ila anayebeba mkungu kichwani kushuka nao mpaka barabarani anapata hela ndogo sana, mvua ikinyesha gari halipandi inabidi amuuzie mchuuzi kwa bei yoyote. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asisogeze shamba kwenye chanzo cha maji atakuuliza watoto wale nini, na ni swali la haki kabisa. Akichoma moto kusafisha shamba, vuli ikipiga udongo wote unaingia mtoni, huku chini mtambo unapokea tope, dawa za kusafishia zinaongezeka.

Kulazimisha kulishajaribiwa mheshimiwa. Mkoloni aliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta ya ngazi, udongo wa kule ni mwembamba hivo ule mbaya wa chini ukaja juu na mazao yakakataa, mwaka 1955 watu wakasimama wakakataa pale Matombo, ikafika mpaka risasi. Lakini baadaye, kuanzia 2006, mashirika ya WWF na CARE walikuja na mpango mwingine kule Kibungo, mkulima anayechimba matuta na kupanda miti analipwa, na wanaotumia maji huku chini wanachangia. Hela haikuwa nyingi ila watu walewale ambao babu zao walikataa matuta waliyachimba kwa hiari yao. Sisi hapo ndo tumeng'ang'ania.

Lesotho ni nchi ya milima kama kwetu, mwaka 1986 walisaini mkataba na Afrika Kusini, wakajenga bwawa la Katse, maji yanapelekwa Gauteng, jimbo la Johannesburg, na Lesotho inalipwa. Sisi hatuombi kuuziana maji ndani ya nchi moja hapana, Dar ni nyumbani kwetu pia na bili tunalipa. Na bwawa la Kidunda, la huo huo mto Ruvu, tunalipongeza kwa moyo wote, lita bilioni 190 si mchezo, litatuvusha kiangazi, lakini bwawa linatunza maji yaliyoshuka, na tope likishuka nalo litakaa humo humo.

Ombi letu ni kwamba kwenye kila bili ya maji ya Dar itengwe hela kidogo irudi kwenye vijiji vya kwenye vyanzo, ilipie miche, matuta na barabara ya kushushia ndizi, na wapokeaji wawe wakulima wenyewe kupitia vijiji vyao, isiishie kwenye semina za mjini. Tunaomba ulifikishe kwa wahusika. Sisi wanaumoja tayari tumekubaliana kila mwanachama atoe shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa ajili ya kitalu cha miche kule Matombo, na masika ikiisha tunapanda kwenda kukianza, nafasi yako kwenye gari tumeshaiweka.

Naomba kuwasilisha.